Saa kumi na mbili jioni na pakiti ya ravioli

Siku yangu mimi haina ugumu asubuhi wala mchana, ugumu wake unaanza saa kumi na moja jioni nikishamchukua bwana mdogo nido, yani pale wanapolelewa watoto sisi tukiwa makazini, mpaka sahani ifike mezani. Ana mwaka na miezi minane, maneno hayajamtimia lakini kelele anazo, na huku Bergamo, Italia, kipindi cha baridi jua linazama hata hatujafika nyumbani, basi tunaingia ndani giza, viatu vimejaa matope, koti hataki kuvuliwa, akivuliwa analitaka tena, njaa inamuuma na mimi tangu alfajiri niko kwa miguu. Babake akiwa na zamu ya jioni kule maghalani ndo niko peke yangu kabisa. Sasa niambie hapo wali wa nazi na mchuzi wa samaki unaupikia wapi.

Ndo maana jioni nyingi kwetu ni ravioli, vile vifuko vya pasta vyenye jibini ama nyama ndani. Zile laini za kwenye friji za supamaketi, pakiti ya gramu 250, zinaiva dakika mbili tatu. Maji yenyewe ndo yanachukua muda kuchemka kuliko chakula, kwa hiyo nikifika sivui hata skafu, natereka sufuria kwanza halafu ndo tugombane na koti. Yakichemka napunguza moto, manake yakitokota kwa fujo zinapasuka na ukipakua unakuta maji ya kijani na ngozi tupu. Zikielea juu naziacha kidogo, nazitoa kwa kijiko cha matundu, chache chache. Kuzimwaga kwenye chujio ndo balaa, za chini zinapondwa na za juu.

Chumvi ndo imenifanya nianze kusoma nyuma ya pakiti. Watu wa huku maji ya pasta wanatia chumvi gramu 10 kwa lita, na kwa spageti kavu sawa, lakini ravioli za dukani chumvi imo tayari ndani, gramu moja hivi kwa kila gramu 100, zingine zinapita. Na Uingereza ushauri wa afya kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni asizidi gramu 2 kwa siku nzima. Piga hesabu, akila gramu 100 jioni ashamaliza nusu, na hujahesabu mkate wala jibini ya nido. Basi maji yangu sitii chumvi kabisa, na parmesani namnyunyizia babake tu, ambaye ni mtu mzima na ajijue.

Kumlisha nako kuna mambo yake. Kitu ambacho watu hawakwambii ni kwamba ravioli nje inapoa upesi lakini ndani jibini bado ni moto, unaigusa unaona iko sawa kumbe katikati inaunguza. Kwa hiyo lazima nizikate mbili kila moja, mvuke utoke, moja naiweka kwenye mdomo wangu ndo nampa. Yeye mwenyewe ana utaratibu wake. Anashika pembeni pale penye mawimbi kwa vidole viwili, anainua usawa wa macho, anaikamua polepole mpaka ricotta, ile jibini laini ya ndani, na spinachi vichungulie, anavilamba, halafu ile ngozi anaipanga ukingoni mwa trei, moja baada ya nyingine, mstari. Akimaliza kulamba za ndani ndo anarudi kwa ngozi, zimeshapoa, na anazila zote. Zamani nilikuwa namwambia aaa usichezee chakula, siku hizi namtazama tu, na mimi nakula, manake hizo ndo dakika kumi pekee za jioni ambazo sote wawili tumekaa chini. Kijiko anacho, anapigia meza.

Sosi ni zile za chap chap. Siagi iliyoyeyushwa na majani ya salvia ndo ya kienyeji huku, majani yanakaangwa mpaka yanakauka, mtoto napakulia siagi tupu. Nikiwa na nguvu zaidi nakaanga punje ya thomu kwa mafuta ya zeituni, namwaga nyanya za chupa, dakika kumi na tano zinatosha, na humo ndo naficha karoti iliyokunwa ama dengu nyekundu, hazionekani, na zinasaidia kwa sababu kitu cha kunitia wasiwasi ni madini ya chuma. Huyu angeachiwa angekunywa maziwa kutwa, na daktari alishasema maziwa yakizidi nusu lita kwa siku mtoto anashiba maziwa na vyakula vyenye chuma anavikataa. Sosi ya nyanya na dengu, basi. Ikibaki, kesho yake naimwaga juu ya ravioli zilizobaki kwenye trei, jibini juu, ovenini, na babake anadhani nimepika kitu kipya.

Halafu suala la nguruwe. Ndugu zangu Waislamu mlio huku mnajua, rafu ya ravioli lazima uisimamie kama mtu anasoma mkataba. Zile tortellini za Bologna ndo usizisogelee kabisa, resipe yao rasmi iliwekwa kwenye chemba ya biashara ya huko mwaka 1974 na ndani mna nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella, vyote vitatu nguruwe kwa mpigo. Hata hapa Bergamo casoncelli, ambazo ndo fahari ya mji, wanazimwagia siagi na pancetta, nayo nguruwe. Hata palipoandikwa nyama ya ng'ombe natafuta neno suino, yani nguruwe, natafuta strutto, mafuta yake, natafuta vino, mvinyo. Zilizobaki ni za ricotta na spinachi, za uyoga, za maboga, na hata hapo kuna mjadala wa jibini, kwa sababu Parmigiano, yani hiyo parmesani, inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na masheikh hawajakubaliana. Nyumbani kwangu babake ana msimamo wake na mimi nina wangu na tunaheshimiana. Wenye watoto wasiopatana na mayai nao wasome, maana mbali na unga wenyewe, jibini ya Grana Padano nyingi inatiwa lisozima ambayo inatokana na yai.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye hizi ravioli zangu zinamkera, na si jirani Mtaliano. Ni mamangu, yuko Malindi.

Wasiojua Malindi watashangaa. Wataliano walianza kuja kwetu kwa ile kambi yao ya roketi ya San Marco kule Ngomeni, walikoanza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na baada ya hapo zikaja hoteli, zikaja villa, zikaja pizeria, mpaka vijana wa ufukweni wanaongea Kitaliano kuliko mimi niliye huku. Mama alifanya kazi jikoni kwenye villa moja miaka na miaka. Mimi nakua, pasta ya mkono naiona kwake, anasukuma unga kwa chupa tupu, anakata duara kwa mdomo wa gilasi, ricotta anaigandisha mwenyewe kwa maziwa na ndimu, ndani anatia mchicha. Alikuwa akisema hizi ni sambusa tu, za kuchemsha. Kwa hiyo siku niliyomtumia video ya mjukuu wake anapanga ngozi kwenye trei nilitegemea acheke, badala yake ikaja voisi ndefu: "Mwanangu, nyuma hapo naona pakiti. Ya nini pakiti? Unga mnao, mayai mnayo, nyinyi ndo mko kwao wenyewe, halafu mwala vya pakiti? Mtoto mpe ale, lakini usinambie hizo ni ravioli."

Nilicheka mpaka machozi, halafu ikaniuma kidogo. Watu wengi huku wanapigiwa simu na mama zao kwa sababu hawampikii mtoto chakula cha kwetu, mimi wangu ananisuta kwa sababu simpikii cha huku vizuri.

Basi Jumapili zingine tunapika pamoja, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, yeye anaelekeza. Unga gramu 100 kwa yai moja, hapimi yeye lakini nilipopima ndo inatokea hivyo. Kanda mpaka usishike mkono, funika nusu saa, ukiukimbilia unavutika na kurudi nyuma. Ricotta ilale kwenye chujio ndani ya friji usiku kucha, ikiwa na maji unga unaloa na ukiinua unachanika. Spinachi ikamuliwe, "kamua kama una hasira naye." Kungumanga, lakini kwa ncha ya kisu. Hiyo ndo inanifurahisha, Wataliano ricotta ya ravioli mara nyingi wanaitia kungumanga, na ya kwangu imetoka mashamba ya Unguja, nimeletewa nzima nzima, naikuna mwenyewe. Ukifunika bonyeza kuzunguka tonge la ndani hewa itoke. Bwana mdogo anapewa kipande chake cha unga akiponde sakafuni. Tukimaliza nazipanga kwenye trei zisigusane, nazinyunyizia semolina, frizani, zikishakuwa mawe ndo natia kwenye mfuko wa plastiki, na zinaingia kwenye maji vile vile bila kuyeyushwa, zinataka dakika moja mbili zaidi. Kwa hiyo wiki ile ninakula "za pakiti" lakini pakiti yangu.

Akiwa na homa, nido homa haziishi, nazichemshia ndani ya supu ya kuku, nne tano tu, anakunywa supu anaacha ravioli, sigombani naye.

Ila ile iliyotushangaza sote ni ya maboga. Mantova, si mbali sana na hapa, wana tortelli za maboga ambazo wanazila mkesha wa Krismasi, ndani wanachanganya boga na biskuti za lozi na matunda ya haradali, tamu na chumvi na ukali pamoja. Wengi wetu tukionja mara ya kwanza tunakunja uso. Mimi nilipoonja nilikumbuka futari, maboga ya nazi ya Ramadhani, basi nikaamua liwalo na liwe. Boga nikalioka ovenini likakauka, sikutia biskuti wala haradali, nikatia kungumanga na jibini kidogo. Sosi nikatia tui jepesi, kitunguu kilichokolea, iliki moja iliyopasuliwa. Tui lisichemke sana, nikatumbukiza tortelli humo dakika moja. Babake, mtu wa Lamu asiyekula kitu kitamu na jibini hata umlipe, aliongeza sahani. Bwana mdogo alikula za ndani, akala na ngozi papo hapo, mstari haukupangwa, halafu akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa tui, lingine likaingia kwenye shingo ya fulana.

Nilimtumia mama picha. Kimya kirefu, halafu: "Hiyo sasa nitakuja kula." Kutoka kwake hiyo ni cheti.

Kuna dada mmoja wa Watamu anashuka nyumbani mwezi wa tatu, ana nafasi ya kilo mbili kwenye sanduku lake. Mama ameagiza mashine ya kusukumia unga, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, anasema mabega hayamtaki tena na chupa. Nimeiinua dukani, peke yake inapita kilo mbili. Nikamwambia mama achague, nimtumie kile kigurudumu cha kukatia ama asubiri nije mwenyewe. Voisi yake ilikuwa fupi: "Mwambie huyo dada apunguze nguo."