Nilivyolinusuru duka langu la vitabu Mombasa

Wanaosema intaneti ndiyo iliyofunga maduka ya vitabu ya Mombasa, wengi wao hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la vitabu. Mimi nimesimama hapo tangu marehemu mume wangu aniachie duka, kwenye kichochoro kinachotokea Barabara ya Digo, na nawaambia kilichotupiga kwanza hakikuwa simu. Ilikuwa kukatwa oda za shule.

Duka la vitabu Kenya halikuwa likiishi kwa wasomaji. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 2003, serikali ilikuwa ikipeleka pesa kwenye akaunti za shule, shule inachagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa, kisha mwalimu mkuu anatujia na karatasi ya oda. Msimu wa Januari ukienda vizuri, kodi ya duka ya mwaka mzima imepatikana. Mteja wa riwaya akiingia tulimkaribisha kwa heshima zote, ila si yeye aliyekuwa akitulisha.

Mwaka 2013 vitabu vilitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, na mwaka huo huo serikali mpya ikawa imeahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Sisi wauzaji tuliogopa kompyuta kuliko ushuru. Vishikwambi, ndizo kompyuta zenyewe, vilipofika shuleni 2016, kwa shule ninazozijua mimi, muda mwingi vilikaa kabatini vimefungiwa kwa kufuli. Ushuru ndio uliobaki.

Pigo lenyewe likaja Januari 2018. Serikali iliamua kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka mpaka shuleni, kila mwanafunzi na kitabu chake. Sababu iliyotolewa ni kwamba baadhi ya walimu wakuu na wenye maduka walikuwa wakila njama. Hilo silikatai. Wapo walioandika risiti za vitabu ambavyo havikuwahi kutoka rafuni. Lakini aliyeiba na asiyeiba tulinyang'anywa oda siku moja. Na kabla hatujapumua, mwaka 2019 mtaala mpya ukaanza kwa madarasa ya chini, na shehena niliyokuwa nayo ikaanza kupoteza thamani gredi baada ya gredi. Niliuza magunia ya vitabu vya Hisabati kwa kilo. Jioni moja nilinunua njugu pale Makadara, nikafungua karatasi, nikakuta zoezi la sehemu na desimali, na juu yake muhuri wa duka langu umekatika nusu.

Basi nilianza na kodi, maana hiyo ndiyo inayoua duka kabla ya kitu kingine chochote. Nilimwomba mwenye nyumba anikubalie niligawe duka kwa ubao. Upande wa mbele nikampangisha kijana wa M-Pesa na vifaa vya simu, mimi nikarudi nyuma. Jamaa zangu waliona aibu kwa niaba yangu. Mimi niliona foleni. Mtu anayengoja kutoa pesa hana kazi ya macho, kwa hiyo ile rafu inayomkabili niliijaza hadithi za watoto na kamusi ndogo.

Kisha nikatafuta nani bado ananunua kitabu kwa pesa zake. Vitabu vya serikali vinakwenda shule za umma tu. Shule za kibinafsi hununua zenyewe au huwapa wazazi orodha, na orodha hiyo nikiipata mapema, Novemba, nimeshinda. Nyingine ni madrasa. Juzuu, misahafu, vitabu vya tarbia na vya kusomea herufi vina msimu wake ambao wachuuzi wengi wa mjini wanausahau: madrasa zikifunguliwa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, watoto wanakuja na makaratasi yaliyoandikwa kwa mkono wa ustadhi, na kila mmoja anataka juzuu mpya kwa sababu ile ya mwaka jana imeng'oka jalada. Faida yake ni ndogo kwa kila kitabu, lakini haihitaji oda ya mtu yeyote aliye ofisini.

Mawakala wa wachapishaji nao nimewawekea mpaka. Zamani wakishusha katoni, tunapokea. Nilisoma habari za Waterstones, maduka ya vitabu ya Uingereza, ambayo nayo yalikuwa hoi Amazon, duka la mtandaoni, ilipoyabana, mpaka James Daunt alipopewa kuyaongoza 2011. Aliacha kupokea pesa za wachapishaji za kuwekewa vitabu vyao mbele, na akawaachia wasimamizi wa matawi wajichagulie kinachouzika mtaani kwao. Duka langu si la kulinganishwa na hayo, ila katoni sipokei tena kabla sijaifungua.

Nije kwa simu, maana nayo si malaika. Orodha ya vitabu teule vya fasihi, vile vya mtihani wa kidato cha nne, ikitangazwa tu, hauchukui muda mtu keshavipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuvisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Mzazi ananisimamia hapo, kitabu anacho mkononi, ananiuliza, "Bi, hiki si kiko kwa PDF?" Mwanzoni hasira zilinipanda. Siku hizi natoa kikokotoo.

"Kiko, mwanangu. Mtoto yuko bweni?"

Akisema ndiyo, nusu ya mazungumzo imekwisha, kwa sababu shule za bweni hazimruhusu mwanafunzi kukaa na simu. Itabidi PDF ichapishwe saiba, kwenye duka la kompyuta. Kurasa 200, hata akibembeleza akafanyiwa shilingi 5 kwa ukurasa, ni shilingi 1,000, na makaratasi hayo hayatafika likizo yakiwa kamili. Kitabu changu ni bei ya chini ya hapo. Tena ndani ya jalada namwandikia kwa penseli bei nitakayokinunua mtoto akimaliza kidato cha nne, mradi hakijachanwa wala kujazwa majibu kwa wino. Ile penseli imeniuzia vitabu kuliko bango lolote. Vitabu teule hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa, kwa hiyo nakala moja inaweza kunipitia mikononi zaidi ya mara moja. Hatari ni mwisho wa mzunguko. Nikisikia walimu wa Kiswahili wanaanza kunong'ona kuhusu orodha mpya, naacha kununua siku hiyo hiyo, hata aje mtoto wa dada yangu.

WhatsApp yenyewe ndiyo kaunta yangu ya usiku. Nikishaswali Isha naweka picha kwenye status, na siweki jalada peke yake. Naweka ukurasa wa yaliyomo na zoezi moja, kwa kuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi anataka kuona mazoezi. Malipo ni kwa M-Pesa kabla ya mzigo kutoka, hata kwa rafiki. Vya Malindi vinakwenda na matatu. Vya Lamu nakwenda kuvikabidhi ofisi ya basi mwenyewe, nimevifunga nailoni mara mbili, kwa sababu basi linaishia Mokowe na kutoka hapo ni boti, na maji ya boti hayajui kitabu. Watu wetu walioko Muscat na Dubai huagiza tenzi na kamusi, tunapeleka kwa mkono wa msafiri. Kufungwa kwa shule Machi 2020 kulinifunza kwamba mzazi aliyefungiwa ndani na watoto watatu hununua hadithi bila kuuliza bei mara mbili, na wengi wa wale bado wamo kwenye simu yangu.

Tovuti sina. Vijana wawili watatu wamekuja kuniuzia wazo hilo, nikawauliza nani ataijibu usiku ule mzazi anapotaka kujua kama kitabu cha gredi ya saba kimefika, wakacheka.

Oda za shule hazijarudi. Mwaka huu mwenye nyumba anataka kupandisha kodi tena. Nimemwambia aje Februari, msimu ukishapita, nimfungulie daftari la mauzo tuzungumze.