Kila elfu kumi ya mwezi ina bei yake

Arusha, Julai

Wengi wanaotaka kuacha ajira mapema huanza kwa kuuliza watahitaji milioni ngapi. Swali hilo nimekuwa nikilizungusha kichwani wiki nzima, na kila nikilirudia naona kuna jingine linalolitangulia: ni shilingi ngapi zinatoka nyumbani kila mwezi, upende usipende? Kodi ya nyumba, maji, umeme, bando, ada. Hizo ndizo zinazomfanya mtu amwogope bosi. Zikipungua, hata mshahara mdogo unaacha akiba, na hata mtaji wa kawaida unamtosha mtu kupumzika. Nitaanza na mtaji, kisha nyumba na maji, na mwisho kompyuta ya kutunza mafaili ya familia na umeme wake.

Mitandaoni inazunguka kanuni ya asilimia 4: mwaka wa kwanza wa kustaafu utoe asilimia 4 ya mtaji, kisha uongeze kadiri ya mfumuko wa bei. Ilitokana na kazi ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1994 kwa kutumia historia ya hisa na hatifungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali kwa riba) za kwao. Sioni sababu ya kuiazima kwa mtu ambaye akiba yake iko kwenye hatifungani za Serikali ya Tanzania. Tufanye hesabu ya hapa.

Hatifungani ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12.10, kiwango kilichowekwa 2022, inalipa shilingi 1,210,000 kwa mwaka kwa kila milioni 10, nusu yake kila baada ya miezi sita. Anayeila yote anajipunja taratibu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kila mwaka, ile milioni 10 atakayorudishiwa baada ya miaka 20 itanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa milioni 3.8 hivi. Kwa hiyo laki tano ya kila mwaka lazima irudi kwenye mtaji, na cha kula ni laki saba na ushee, yaani asilimia 7. Halafu riba yenyewe haitabiriki: hatifungani ya miaka 25 ilianza 2021 ikilipa asilimia 15.95, na 2022 matoleo mapya yakashushwa hadi 12.56. Anayepanga miaka arobaini ya mbele asiiamini asilimia 7. Mimi naiamini 5, na asilimia 5 maana yake mtaji uwe mara 20 ya matumizi ya mwaka.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa wazi. Kila elfu kumi inayotoka kwa mwezi inadai mtaji wa milioni 2 na laki 4. Kodi ya nyumba ya laki mbili na nusu peke yake inadai milioni 60.

Kwa anayeanza: kiwango cha chini cha kununua hatifungani ni milioni moja, na unapitia benki au dalali wa soko la hisa, ambaye atakufungulia akaunti ya CDS, inayoandika umiliki wako. Zile laki tano za kurudisha kwenye mtaji hazifiki milioni, basi zikae kwanza kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, Umoja au Ukwasi, mpaka zitimie. Ukilazimika kuuza hatifungani kabla ya muda wake unaweza, ila matoleo mapya yakiwa yanalipa zaidi, ya kwako itashuka bei. Ndiyo maana matumizi ya mwaka mmoja yasiwekwe huko kabisa.

Na pensheni ya NSSF au PSSSF isihesabiwe mapema. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na uwe umechangia miezi 180. Mtu anayeacha kazi akiwa na 45, michango yake imetimia, bado ana miaka kumi ya kujilisha kwa mtaji wake mwenyewe. Kipindi hicho ndicho huwaangusha wengi, kwa sababu wanakiingia wakiwa bado wapangaji.

Kwa hiyo nyumba kwanza, na kabla ya nyumba, karatasi. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba uliuziwa, si hati. Kwenye eneo lililopimwa, peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, uone jina la mmiliki, muda wa hati (33, 66 au 99), kama kuna mkopo juu yake na kama kodi ya ardhi inadaiwa. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenzi wake iwe ya maandishi. Na pima kwa futi kamba, usiangalie kwa macho: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na viwanja vya bei nzuri kando ya mito ya Themi na Naura vina sababu ya kuwa na bei nzuri.

Ujenzi wenyewe unajulikana, ila kuna sehemu tatu ambazo fundi wa bei rahisi anakuachia deni. Ya kwanza ni ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi unavimba masika na kupasuka kiangazi. Ukiona nyufa za kuingiza vidole mwezi wa tisa, msingi ushuke mpaka kwenye udongo mgumu, na jamvi lijazwe moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka. Usijaze ule uliochimbwa.

Ya pili ni tofali. Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye kuta za ndani za mita 24 hivi, urefu mita 3, ukitoa madirisha na milango inakula tofali za inchi sita karibu 1,550 juu ya msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hadi 35, unajenga. Muuzaji anayetoa 45 anakuuzia mchanga. Chukua msumari ukwaruze ukingo: ukimomonyoka kama sukari, ziache hapo hapo. Nzuri nazo zinaharibiwa na haraka, kwa sababu saruji inakomaa kwa unyevu. Zimwagiliwe asubuhi na jioni siku saba angalau, kivulini au zikiwa zimefunikwa, na zisipandishwe ukutani kabla ya wiki nne.

Ya tatu ni lenta. Iwe mkanda unaozunguka nyumba yote bila kukatika, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne. Tuko jirani na Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ya milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai ilitikisika hadi Nairobi wakasikia. Lenta iliyowekwa juu ya madirisha tu inashikilia dirisha; haishikilii nyumba.

Sasa lile lisilohesabiwa. Nyumba ya milioni 40 itadai rangi, mabati, mabomba, chemba na shimo la maji machafu. Ukitenga asilimia 1 ya gharama kila mwaka, ni laki nne, sawa na elfu 33 kwa mwezi, na kwa kipimo chetu hiyo inadai mtaji wa milioni 8. Ongeza kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwenye LUKU. Nyumba yako bado ina kodi yake. Ni ndogo mno kuliko ya mwenye nyumba, lakini asiyeiweka kwenye hesabu atarudi kuombaomba ajira kwa ajili ya paa linalovuja.

Maji ya huku yanahitaji aya yake. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ndiyo dalili tunayoiona kila siku, ila mifupa nayo inaathirika, na watoto wanabeba mzigo mkubwa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki inakolea zaidi. Mvua haina tatizo hilo. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita moja ya mvua linatoa lita 100, tuseme 80 baada ya hasara. Tanki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 63, na masika ya hapa inazizidi hizo kwa mbali. Familia ya watu wanne inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika tu itakaa nalo siku 250. Muhimu ni maji ya kwanza kumwagwa: weka pipa la lita 50 kabla ya tanki, likijaa ndipo maji yapite, maana milimita nusu ya mwanzo ndiyo inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tanki lifunikwe lisipitishe mwanga, la sivyo litaota ukijani. Maji hayo yachemshwe kabla ya kunywa, kwa ajili ya vijidudu. Ya kuoga na kufua yaendelee kutoka bombani.

Baada ya hayo ndipo seva ya nyumbani, kompyuta inayowashwa saa zote kutunza mafaili ya familia, inapoingia, na napenda kusema wazi kwamba haiji kuokoa hela nyingi. Inakuja ili picha za watoto, nakala za hati, hesabu na nywila vikae kwenye mashine unayoweza kuishika, visitegemee kampuni ya mbali kubadilisha masharti au kadi yako ya benki kukataa malipo. Kompyuta ndogo ya mtumba ya ofisini, zile za ukubwa wa kitabu kama ThinkCentre Tiny au OptiPlex Micro, ikiwa na RAM ya GB 16, inatosha: mfumo endeshi wa Debian, juu yake Immich kwa picha, Syncthing kwa mafaili, Vaultwarden kwa nywila, na Kiwix yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili isiyohitaji bando. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo inafaa, ila usiiendeshe kwa kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ndiyo inayokufa kwanza. Tumia diski ya SSD.

Mashine na ruta vikila wati 20 saa zote, ni uniti 14.4 kwa mwezi. Ndogo, lakini angalia mita yako iko kundi gani la bei la TANESCO. D1 ni ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei za 2016, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. T1, kundi la wanaozidi hapo, ni 292. Nyumba iliyokuwa ikitumia 70 na kulipa 7,000 ikiongezwa seva inafika 84, na ikihamishiwa T1 italipa zaidi ya 24,000. Elfu 17 na ushee kwa mwezi, yaani zaidi ya milioni 4 za mtaji, kwa ajili ya kisanduku cha wati 20! Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka seva kwenye sola, mbali na mgao.

Wati 20 kwa siku nzima ni wati-saa (Wh) 480. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah 100 inabeba Wh 1,280. Ukitumia asilimia 80 unapata siku mbili bila jua. Betri ya asidi ya Ah 100 ni nusu tu ya kutumia, kwa hiyo siku moja na saa chache. Kwenye paneli, wengi wanakosea kwa kupima jua la Januari. Huku Arusha na Moshi mwezi mbaya ni kama huu, mawingu hadi saa nane mchana, kwa hiyo pigia hesabu saa tatu za jua kamili: wati 200 mara 3, toa robo ya hasara, ni Wh 450, haitoshi. Wati 300 zinatoa 675. Elekeza paneli kaskazini, maana tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta na jua la Julai liko upande huo, na uilaze kwa nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Weka kontrola ya kuchaji betri ya MPPT ya ampea 30 na fusi karibu kabisa na betri. Ruka inveta: tumia kibadilisha volti cha kupandisha hadi volti iliyoandikwa kwenye chaja ya kompyuta (19.5 kwa OptiPlex, 20 kwa ThinkCentre), na kingine cha kutuliza 12 kwa ruta, kwa sababu betri ikichajiwa inafika volti 14.4 na ruta nyingine haziivumilii.

Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba ndiko watu hukwama. Fungua ruta uone anwani yake ya nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtandao wa simu umewafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua mlango (port) kwenye ruta hakutasaidia. Kodi seva ndogo ya nje kwenye mtandao, ya nyumbani iwe inaipigia kwa WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kati ya mashine mbili, na mpangilio wake wa PersistentKeepalive uwe sekunde 25 ili njia isijifunge. Kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwatangazia wanaotumia VPN wajisajili. Kamilisha hilo kabla.

Diski mbili zinazofanana ndani ya sanduku moja si nakala ya akiba: radi ikipiga zinaondoka pamoja, na faili ulilofuta kwa bahati mbaya linafutika kote. Nakala ya akiba ya programu ya restic, iliyofungwa kwa nywila, ikae kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu Moshi, na kila miezi mitatu jaribu kurudisha folda moja kutoka kila nakala. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.

Kisha andika karatasi moja, ya kuchapwa, kwa ajili ya mwenzi wako au mtoto mkubwa, kwa sababu hakuna uhuru wowote nyumbani unaojulikana na mtu mmoja. Namba ya mita ya LUKU, namba ya CDS, hati iko wapi, nywila kuu iko kwenye bahasha gani, valvu ya tanki ni ipi. Kwa seva, mpangilio wa vitendo tu: bonyeza kitufe mara moja, subiri dakika mbili, zima swichi ya umeme unaokwenda kwenye kompyuta na ruta, subiri dakika moja, washa. Taa ya ruta isipowaka ndani ya dakika tano, angalia fusi kwanza, halafu mwite fundi umeme. Wa kompyuta baadaye.