Siku moja na inzi ambaye bado hana jina

Saa 12 asubuhi. Nyie wa Kampala mnaosema Uganda joto tupu njooni mlale huku Kanyawara, pembeni ya msitu wa Kibale, karibu mita 1,500 juu, halafu tuongee. Chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati ya jana, gambuti miguuni, twende. Mi ni msaidizi wa maabara, mtu wa Arua (Kiswahili nimekua nacho), na miezi hii kazi yangu kubwa ni inzi mmoja wa milimita mbili hivi.

Saa 1 tunaingia msituni na afande wa hifadhi, maana tembo wapo na hawana utani. "Mzee wa inzi, leo tunakamata wangapi?" Namwambia wote afande, anacheka. Mtego wenyewe ni hema la wavu, mdudu anaruka anagonga ukuta wa katikati, na wadudu wengi wakikwama wanapanda juu kutafuta mwanga, huko juu kuna chupa ya ethanoli, basi safari imeisha. Msweden mmoja, René Malaise, ndo alibuni, aliona wadudu wakiingia kwenye hema lake wanajikusanya pembe za juu, akatangaza mtego wake mwaka 1937 na mpaka leo tunautumia. Tunabadilisha chupa, tunakaza kamba, tunaondoka.

Saa 3 maabara. Chupa moja ina supu ya kila kitu, nyigu, vipepeo, mbu, mende. Mi natafuta familia moja tu, Phoridae, utawajua kwa mgongo uliopinda kama mtu aliyebeba gunia la mihogo, paja la nyuma pana, na bawa lenye mishipa minene mbele tu, ile mingine hafifu kabisa. Wakiwa hai wanakimbia kwa kustukastuka, ndo hao unawaona dirishani ukidhani ni uchafu. Watu wanafikiri kupata spishi mpya ni bahati ya maisha. Wapi! Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya inzi hawahawa kutoka sehemu moja tu ya Kibale, walisoma DNA ya inzi zaidi ya 7,000 wakahesabu aina zaidi ya 650, yaani zinazidi zote za familia hii zilizokuwa zimepewa majina Afrika nzima kusini mwa Sahara. Na kwenye ripoti ileile aliyepewa jina ni mmoja, Megaselia sepsioides. Mmoja! Sasa mnaona foleni iko wapi, kumkamata ni asubuhi moja, kumwandika ndo shughuli.

Saa 5 slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea kitu chini ya darubini. Mguu mmoja unaenda kwenye kichupa cha DNA, mwili unalowekwa kwenye KOH (dawa kali ya maabara) nyama iyeyuke libaki ganda, unasafisha, unamtenganisha kwa sindano, bawa huku, miguu huku, sehemu za siri za dume peke yake, halafu zeri (utomvu angavu unaogandisha kama gundi) na kioo juu. Hakuna feni, hakuna kupiga chafya. Na ndiyo, ni sehemu za siri hasa tunazozitazama, msishangae, inzi wawili wanaofanana kila kitu wanatofautiana hapo. Majike ndo mtihani, mengi huwezi kuyatenga kwa macho, zamani yalikuwa yanaachwa tu kwenye chupa, DNA ndo imesaidia kumuunganisha jike na dume wake. Lakini DNA inakupa kundi na namba, haikwambii paja lina nywele gani.

Saa 7 matoke na binyebwa (mchuzi wa karanga). Endelea.

Saa 8 mpaka saa 11 ni kuandika, hapa ndo kichwa kinauma. Nywele ngumu za paji la uso ngapi na zimekaa wapi, rangi ya kifua, ule mshipa wa mbele ya bawa unafika sehemu gani ya urefu wa bawa, vipande vyake vina uwiano gani. Unapima, unapiga picha, unachora, unapima inzi mwingine. Halafu unalinganisha na maandishi ya zamani, mtafiti Beyer aliandika mwaka 1965 juu ya Phoridae wa hifadhi ya Parc Albert ya Kongo, Virunga ya leo, hapo tu jirani yetu, na inzi hawaulizwi pasipoti mpakani. Maelezo mengine ya zamani ni mistari michache, huwezi kuamua bila kumuona mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye kabati la makumbusho Ulaya. Hii inanikera kweli. Unaandika barua pepe unaomba picha, unasubiri.

Nilimwambia Atwooki, dada tunayefanya naye kazi, kwamba holotipu, yule inzi mmoja anayebeba jina siku zote, wa kwetu abaki Makerere. Tangu mwaka 2000 sheria za majina zinataka useme amewekwa wapi, basi tuseme Kampala. Akasema, "Sawa Amooti, na nani atabadilisha ethanoli ikikauka?" (Amooti ni empaako, jina la heshima, waliyonipa Watooro wa huku, siku hizi naitika haraka kuliko jina langu.) Nikamwambia huyu yuko kwenye slaidi, haihitaji ethanoli. Akasema na wale wengine je? Jibu sikuwa nalo, ila kuwapeleka wote nje kwa sababu ya chupa kukauka mi sikubali, tununue chupa.

Saa 2 usiku tunatafuta jina. Atwooki anataka la mto, mi nataka la kijiji. Shida Megaselia, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya inzi wetu, ina spishi zaidi ya 1,500 zenye majina na huruhusiwi kurudia lililotumika kwenye jenasi hiyohiyo, kwa hiyo kila wazo lazima lipitishwe kwenye orodha. La kwanza lilishachukuliwa. La pili tukaona zuri mpaka Atwooki alipojaribu kulitamka. La tatu liko mezani, bando limeisha, kesho tunaangalia.