Kasri la Borgo Pinti na Mtawala Aliyeitaka Kismayu

Katika mwaka wa 1883, mwaka uleule ambao Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijenga kasri la Beit el-Ajaib pale Forodhani, hasimu wake wa zamani, Ismail Pasha aliyekuwa Khedive, yaani mtawala, wa Misri, alinunua kasri katika mji wa Firenze, Italia. Kasri hilo, Palazzo della Gherardesca, leo ni hoteli ya kifahari ya Four Seasons, na kumbi zake hukodishwa kwa harusi na karamu za watu wenye uwezo mkubwa. Kwa mtu aliyekulia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, habari hiyo ilitosha kunifanya niipange upya safari yangu ya Italia ili nilione jengo hilo kwa macho yangu.

Nilifika kwa treni ya mwendo kasi kutoka Roma, safari ya kama saa moja na nusu hadi stesheni ya Santa Maria Novella. Mpwa wangu, ambaye amebaki Italia tangu alipokwenda kusoma, hufanya kazi na kikundi cha wapambaji wa kumbi za harusi, na siku hiyo walikuwa na shughuli ya kuandaa sherehe ndani ya kasri hilo, hivyo akaniombea ruhusa ya kuingia pamoja nao. "Lakini mjomba," alinitahadharisha mara tulipomaliza kuamkiana, "humo ndani ukuta hauguswi."

Tulipita upande wa nyuma wa kanisa kuu tukaingia Borgo Pinti, mtaa mrefu na mwembamba wenye kuta kavu na madirisha ya nondo, ambao haumwonyeshi mpita njia chochote cha kumfanya asimame. Nilijihisi nyumbani kidogo, kwa sababu hata kwetu nyumba ya tajiri huweka uzuri wake uani. Kasri lipo kwenye namba 99, karibu na mahali lilipokuwa lango la mji kabla kuta za Firenze hazijabomolewa katika kipindi ambacho mji huo ulikuwa makao makuu ya ufalme mpya wa Italia, kuanzia 1865.

Aliyelijenga hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa. Bartolomeo Scala alikuwa mwana wa msaga nafaka kutoka mji mdogo wa Colle di Val d'Elsa, aliyepanda kwa elimu yake ya sheria na kwa kupendwa na Medici, ukoo wenye nguvu kuliko zote mjini humo, hadi akawa kansela wa serikali ya Firenze kuanzia 1465 mpaka alipofariki mwaka 1497. Katika miaka ya 1470 alinunua ardhi hapa, pembezoni mwa mji, penye mabustani, na usanifu wa nyumba aliyoijenga huhusishwa na msanifu Giuliano da Sangallo. Ua wa katikati, ambao sasa umefunikwa kwa paa la kioo na kuwekwa viti vya kupumzikia wageni, umezungukwa kwa juu na nakshi 12 za plasta zinazodhaniwa kuwa kazi ya Bertoldo di Giovanni, mwanafunzi wa mchongaji Donatello, ambaye baadaye alimfundisha mchongaji mashuhuri Michelangelo alipokuwa kijana. Nakshi hizo zimetokana na hadithi fupi za mafunzo alizozitunga Scala mwenyewe: pana mapigano, pana ulevi, pana ushindi, na miili ya watu imebanana kiasi kwamba jicho halijui lianzie wapi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote ndani ya jumba hilo. Mwenye nyumba aliziweka fikra zake ukutani, mahali ambapo kila aliyemtembelea angelazimika kuzipita. Binti yake, Alessandra, alisoma Kigiriki na akasifiwa na wasomi wa mji kwa kuigiza tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, katika lugha hiyohiyo, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba watu wa nyumba hii walizoea hafla tangu zama hizo.

Wakati huo wenzake mpwa wangu walikuwa wameanza kazi, na nikajifunza maana ya ule ukuta usioguswa. Katika ukumbi wa namna hii hakuna msumari, hakuna gundi na hakuna kamba inayofungwa kwenye nguzo. Kila pambo lazima lisimame kwa miguu yake. Sakafu hutandikwa mazulia mazito kabla toroli la kwanza halijaingia, vyungu vya maua huwekewa sahani ili maji yasidondoke, na mishumaa huwekwa mbali na michoro ya kutani, kwa kuwa moshi huganda juu ya rangi iliyopakwa kwenye chokaa mbichi karne nyingi zilizopita. Msimamizi mmoja wa hoteli alikuwa akizunguka nyuma yao, akipima kwa macho umbali kati ya kila kiti na ukuta. Bwana na bibi harusi, nilivyoambiwa, walikuwa wamekwishaandikishana ndoa yao serikalini, na hapa wangefanya karamu tu. Sikuona ubahili wowote katika masharti hayo. Niliona heshima, na nilitamani sana wasimamizi wa majumba yetu wangeyasikia.

Baada ya ukoo wa Scala, kasri lilinunuliwa na Kardinali Alessandro de' Medici, askofu mkuu wa Firenze, ambaye mwezi Aprili 1605 alichaguliwa kuwa Papa Leo XI na kufariki kabla mwezi huo haujakwisha. Nyumba ikaingia kwa watu wa dada yake, Costanza, aliyekuwa ameolewa katika ukoo wa kikabaila wa della Gherardesca, nao wakaikalia kwa takriban karne tatu, na jina lao ndilo lililobaki mlangoni.

Kisha akaja Ismail. Mwaka 1875 alikuwa bado mtawala wa Misri, na alituma meli za kivita chini ya McKillop Pasha, Mwingereza aliyekuwa katika utumishi wake, zikaziteka Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Lengo lilikuwa kufungua njia kutoka Bahari ya Hindi hadi nchi za maziwa makuu. Barghash alilalamika kwa Waingereza kupitia balozi wao, John Kirk, na kwa shinikizo la London Wamisri wakaondoka mapema mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1875, Ismail, akiwa amezama katika madeni, aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez, na mwaka 1879 aling'olewa madarakani na kupelekwa uhamishoni Italia. Mtu aliyetaka pwani yetu akaishia kutafuta nyumba ya kukaa katika mtaa huu mwembamba, na hata hiyo hakudumu nayo zaidi ya kama miaka miwili.

Nilimuuliza mhudumu mmoja, kijana mwenye adabu nyingi, iwapo kuna chumba kinachokumbukwa kwa jina la Khedive. Alitabasamu na kutuelekeza bustanini. Bustani hiyo ina ukubwa wa kama hekta 4.5, miongoni mwa bustani kubwa kabisa za watu binafsi katika mji huo, yenye miti mirefu ya kale na kibanda cha nguzo za Kigiriki, na upande wa pili wake limesimama jengo lililokuwa nyumba ya watawa, ambalo nalo sasa ni sehemu ya hoteli. Baada ya Ismail, kasri lilimilikiwa na kampuni ya reli, na katika karne ya 20 na kampuni ya vyuma. Ukarabati ulichukua kama miaka saba, na hoteli ikafunguliwa mwaka 2008. Wamiliki wake wa sasa ni wawekezaji kutoka Qatar.

Zipo hoja za kupinga nyumba za historia kugeuzwa hoteli, na sizipuuzi, kwa kuwa bei ya kulala usiku mmoja humo inawafungia mlango watu wengi wa Firenze wenyewe. Hata hivyo, nakshi za Bertoldo zipo, zimesafishwa, na fedha ya kila karamu husaidia kuzitunza. Beit el-Ajaib ilikuwa makumbusho, mali ya umma, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati ikikarabatiwa, ikaua watu wawili. Kwa maoni yangu si lazima iwe hoteli. Inachohitaji ni mtu wa kupita nyuma ya kila fundi na kila mgeni, kila siku, kama yule msimamizi niliyemwona akipima umbali kati ya viti na ukuta.

Tulipotoka nilimwomba mpwa wangu anitafutie treni ya kwenda Napoli, kwani karibu na hapo, Ercolano, lipo jumba la La Favorita, ambalo Mfalme Umberto wa Italia alimpa Ismail alipowasili kutoka Misri. Akanikatia tiketi ya asubuhi.