Meshuggah, nyuzi nane na hesabu ya nne

Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu. Pete inagonga mbao na kushika mwendo, huku vidole vya mikono vikienda mbio zao kwenye nyuzi nane. Anayelisikia hilo Kisumu ameshapata nusu ya Meshuggah.

Bendi hii ya metali kutoka Umeå, Uswidi, ilianza 1987 ikisikika kama wanafunzi wa Metallica. Albamu ya Destroy Erase Improve (1995) ndiyo iliyowatenga na wenzao. Nothing (2002) walirekodi kwa gitaa za nyuzi saba zilizolegezwa, maana zile za nane walizopata hazikuwafaa. 2006 wakapiga gitaa zote upya kwa nane. Uzi mnene wanaufunga kwa F, kama hezi 44, yaani mitetemo 44 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi la kawaida ni 41! Ndiyo maana gitaa zao ni ngoma zaidi kuliko wimbo.

Sasa hesabu. Mkono wa kulia wa Tomas Haake, mpiga ngoma wao, kwa kawaida unashika toazi, moja mbili tatu nne, bila kuyumba. Miguu inafuata gitaa. Tuseme gitaa lina kipande cha vipigo vidogo 17, na mzunguko mmoja wa hesabu ya nne una 16. Kila kikirudi kimechelewa kwa kipigo kimoja. Mara saba ni 119. Kufika 128, yaani mizunguko minane kamili, vimebaki 9. Basi kipande kinakatwa hapo na wote wanaanza pamoja. Kichwa kikifuata gitaa utapotea. Fuata toazi.

Anza na obZen (2008). Catch Thirtythree (2005) ni bora zaidi, ingawa ngoma zake ni za kompyuta, lakini si ya mgeni.

Spika ya simu haifiki hezi 44, utasikia mikwaruzo tu. Sabwufa ya matatu iliyojazwa besi nayo inameza mwanzo wa kila kipigo. Rudisha besi katikati.

Na wenye gitaa la nyuzi sita: uzi wa unene wa inchi 0.046 ukilegezwa hadi F utaning'inia, utagonga freti (vyuma vya shingoni), na sauti itapanda na kushuka kila ukiuchapa. Tafuta uzi wa karibu 0.074 na gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 27 au zaidi. Distoshen, yaani mkwaruzo wa sauti ya gitaa, iwe kidogo kuliko unavyodhani. Ukiijaza, vile vipigo 17 vitasikika kama kimoja.