Petroli Ikipanda, Makasha ya Mbali Hufa Kwanza

Mchezo wa jiokashi, yaani kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa na wengine, ulizaliwa huku huku tunakoishi, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Rais Bill Clinton iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na siku iliyofuata Dave Ulmer akaficha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, kisha akatangaza viwianishi vyake kwenye intaneti ili atakayependa aende akaitafute. Leo makasha ya aina hiyo yamezidi milioni 3 duniani kote, na utaratibu wake haujabadilika sana: unasoma latitudo na longitudo kwenye simu, unakwenda, unatafuta, na ukilipata kasha unaandika jina lako kwenye daftari lililomo ndani na kulirudisha palepale ulipolikuta. Setilaiti za GPS hazimtozi mtu senti. Kinacholipiwa ni kufika.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kent, kusini mwa Seattle, katika bonde lililojaa maghala ambako Waafrika Mashariki wengi tunafanya kazi za zamu. Niliupenda mchezo huu kwa sababu ya wazi kabisa, nayo ni bei. Michezo mingi ya nje katika nchi hii huanzia dukani: anayeteleza kwenye theluji atalipia ski, viatu na tiketi ya mlimani, na mvuvi atalipia leseni, ndoana na pengine mashua. Mtafuta makasha anahitaji simu ambayo tayari anayo, kalamu, na viatu visivyopitisha maji, kwa kuwa huku mvua huanza mwezi wa kumi na kuendelea hadi mtu asahau rangi ya anga. Kibali cha kuegesha gari katika hifadhi za jimbo, kiitwacho Discover Pass, kiliuzwa kwa miaka mingi dola 30 kwa mwaka mzima. Hesabu hiyo ilinivutia, na ilikuwa sahihi kwa kadiri petroli ilivyokuwa ya bei ya kuvumilika.

Mwezi wa Juni 2022, miezi minne baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza, na hapa katika jimbo la Washington ulivuka dola 5.50. Galoni moja ni karibu lita 3.8, kwa hiyo tulikuwa tunalipa takriban dola 1.45 kwa lita. Wakati huohuo lita moja jijini Nairobi, kwa msaada wa ruzuku ya serikali, iliuzwa shilingi 159.12 za Kenya, yaani kama dola 1.35. Ndugu waliozoea kusikia kwamba Marekani mafuta ni ya bure hawakuniamini nilipowaambia hivyo. Jimbo hili lina viwanda vyake vya kusafisha mafuta, lakini liko mbali na mabomba ya Texas na Louisiana, kodi yake ya mafuta ni miongoni mwa kubwa nchini, na tangu 2023 wauzaji wanalazimika kununua vibali vya kutoa hewa ukaa, gharama ambayo hatimaye humshukia mwenye gari. Kwa sababu hizo, hata bei inaposhuka kwingine, kwetu hushuka kwa kusitasita.

Nyumbani Tanzania bei ya mafuta ilinifikia kwa njia ya nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza, kondakta akatangaza tena kwa sauti kubwa zaidi, nasi tukalipa tukinung'unika pamoja. Huku kila mtu anasimama peke yake mbele ya pampu akitazama tarakimu za dola zikikimbia kuliko za galoni, na uamuzi wa safari ipi ifanyike na ipi iachwe ni wake mwenyewe. Kazini lazima uende, na dukani vilevile. Kinachobaki cha kukatwa ni starehe, na starehe yangu imejengwa juu ya kusafiri.

Mchezo huu una tabia ambayo mgeni haioni haraka. Kanuni zinataka kasha moja liwe umbali wa angalau mita 161 kutoka jingine, yaani sehemu moja ya kumi ya maili, na kasha ulilokwisha kulipata huwezi kulihesabu tena. Anayeanza hukuta makasha yamemzunguka: moja nyuma ya maktaba, jingine chini ya kifuniko cha nguzo ya taa kwenye maegesho, jingine likining'inia kwenye uzio wa bustani. Huyamaliza. Baada ya hapo kila kasha jipya liko mbali kidogo kuliko lililotangulia, na duara la yaliyokwisha kupatikana linaendelea kupanuka kuizunguka nyumba yake. Kwa hiyo hata bei ya mafuta ingeganda mahali pamoja, gharama ya mchezaji mzoefu ingepanda tu, kwa sababu mchezo wenyewe unakula kwanza kilicho karibu. Bei inapopanda juu ya hali hiyo, mzoefu huumia mara mbili, ilhali mgeni hahisi kitu.

Kuna wanaolijibu tatizo hilo kwa wingi. Huko Nevada, kandokando ya barabara inayoitwa Extraterrestrial Highway, yalipangwa makasha zaidi ya elfu moja, kila moja likifuata jingine kwa umbali ule mdogo unaoruhusiwa. Watu huenda kwa makundi, mmoja akiendesha, mwingine akiruka nje, akisaini, akirudi ndani, kisha gari linaondoka na kusimama tena baada ya mita mia na sitini. Yeyote aliyewahi kuendesha gari kwenye foleni ya Ubungo anajua injini hufanya nini kwa mtindo huo wa kuondoka na kusimama. Sijawahi kuvutiwa na michezo ya namna hiyo, na nakiri kwamba petroli ilipopanda sikuwahurumia sana waliolazimika kuiacha.

Safari niliyoipigia hesabu kwa uchungu ni nyingine. Wachezaji wa hapa huenzi mahali patatu: makao makuu ya mchezo katika mtaa wa Fremont jijini Seattle, kasha la zamani lililo karibu na njia ya reli iliyogeuzwa ya wapita njia kule Snoqualmie, na bamba la kumbukumbu lililowekwa pale Ulmer alipoficha ndoo yake. Fremont ni karibu. Snoqualmie ni kama maili 50 za kupanda mlima, na ndani yake mna handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 ambalo hufungwa majira ya baridi. Bamba la Oregon ndilo linaloniumiza kichwa: kwenda na kurudi kutoka Kent ni takriban maili 350, na gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litakunywa galoni 14. Kwa bei ya Juni 2022 hizo ni dola 77. Kwa thamani ya shilingi ya Tanzania ya wakati ule, ni zaidi ya 175,000.

Dada yangu, ambaye hupokea fedha ninazotuma kila mwezi kwa ajili ya matibabu ya mama, aliniuliza kwenye simu: "Kaka, yaani unachoma laki na ushee kwenda kuandika jina kwenye mkebe?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Anayeishi ughaibuni hajui kutumia dola bila kuibadilisha kichwani kwanza, na petroli ni aina ya matumizi ambayo haiachi kitu cha kuonyesha. Viatu vingebaki, hata sahani ya nyama ingebaki kwenye picha. Nimeamua kwamba bamba lile nitalifikia siku nitakapoalikwa harusi Portland, kulekule Oregon, na mialiko ya huko haikosekani. Faida nyingine ya kuungia safari ni kwamba Oregon mafuta huwa nafuu kidogo kuliko kwetu. Hadi 2023 sheria ya kule ilimzuia dereva katika sehemu kubwa ya jimbo kujijazia tangi mwenyewe. Alikuja mhudumu, ukamwambia "jaza" kupitia dirishani, na kwa dakika mbili ungedhani uko kituo cha mafuta cha Segerea.

Mazungumzo mengi kuhusu bei ya mafuta na mchezo huu humhusu mtafutaji, lakini kwa maoni yangu anayebeba mzigo mzito zaidi ni mwenye kasha. Mtafutaji hulipia safari mara moja na kuondoka na ushindi wake. Aliyeficha anatakiwa na kanuni arudi kila linapotokea tatizo: daftari likijaa abadilishe, kifuniko kikipasuka atafute kingine, kasha likisombwa na maji au kuburutwa na mnyama alirudishe mahali pake. Kwa safari hizo hapati hata alama moja. Akikawia baada ya watu kuripoti uharibifu, wahakiki wa kujitolea humwandikia, hulisimamisha kasha lake kwa muda, na asiposhughulika huliondoa kabisa kwenye orodha ya makasha hai.

Karibu na North Bend, chini ya mlima uitwao Si, nililikuta kasha la namna hiyo. Lilikuwa sanduku la chuma la kijeshi, lile la kuwekea risasi, limesukumwa chini ya gogo la mwerezi na kufunikwa kwa vipande vya gome. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka upande mmoja. Nilipolifungua, harufu ya ukungu ilinipiga usoni. Daftari lilikuwa limevimba, kurasa zimegandana, na wino wa majina ya watu ulikuwa umechuruzika hadi ukawa madoa ya buluu. Mwenyewe anaishi upande wa Tacoma, na kwenye ukurasa wa kasha alikuwa ameandika kwamba atakuja kulitengeneza petroli itakaposhuka. Alikuwa ameandika hivyo miezi mingi kabla. Nilikausha ndani kwa leso, nikaacha karatasi mpya kwenye mfuko mdogo wa plastiki, nikasaini ya kwanza.

Wapo wachezaji wa zamani wanaokataza jambo hilo, wakisema ukimsaidia mwenye kasha unamlea katika uzembe, na kwamba kasha lisilotunzwa ni heri liondolewe ili mwingine apewe nafasi. Hoja hiyo ina nguvu mjini, ambako nafasi ni chache na warithi ni wengi. Msituni haisimami. Kasha la mbali likiondolewa hakuna anayekimbilia kulirithi, kwa kuwa mrithi naye atakumbana na maili zilezile na pampu ileile. Zaidi ya hayo, yakiwapo makasha matano kwenye njia moja, safari ya maili 40 ina maana. Yakibaki mawili, watu hawaendi, na yale mawili hukosa wa kuyaripoti yanapolowa. Nimeona njia nzima ikifa kwa mtindo huo bila mtu yeyote kuamua kuiua. Kwa hiyo karatasi kavu nitaendelea kubeba, na anayekasirika na akasirike.

Sisi wenyewe tumebadilika. Jirani yangu wa Eldoret na familia moja ya kutoka Goma tunapanda gari moja na kuchangia mafuta, isipokuwa anayeleta chapati, ambaye hasamehewi tu bali hupewa kiti cha mbele. Watoto ndio waliofaidika kuliko wote, kwani tangu tarehe 1 Septemba 2022 walio na umri usiozidi miaka 18 husafiri bure kwenye mabasi mengi ya umma katika jimbo hili. Kwa majira ya joto, wikendi, kuna mabasi ya King County yaitwayo Trailhead Direct yanayowachukua watu kutoka Seattle hadi kwenye njia za milimani. Kwetu wa Kent yana kasoro: lazima kwanza usafiri hadi mjini, na hapo asubuhi yako imekwisha liwa nusu. Wenye magari ya umeme wanatucheka, na wana haki, umeme wa jimbo hili ukiwa mwingi wa mabwawa na wa bei nafuu. Lakini gari lenyewe bei yake ni makasha mengi mno.

Karibu na nyumbani, nimeanza kuyatazama yale makasha ya mafumbo niliyokuwa nikiyaruka. Haya hayakupi mahali lilipo mpaka utatue kitendawili, na nayapenda kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake hufanyikia mezani, baada ya zamu, bila kuwasha gari. Njia ya Interurban, ambayo zamani ilikuwa reli ya umeme, inapita Kent, na njia ya Mto Green inazunguka nyuma ya maghala tunamofanyia kazi. Zote mbili zinafikika kwa baiskeli.

Kuhusu kuficha, nimejiwekea sharti ambalo ningependa wageni wa mchezo huu walifikirie kabla hawajapanda mlima na sanduku: usifiche mahali ambapo hungerudi kwa gharama ya mafuta ya juu kabisa uliyowahi kulipa. Kasha langu mwenyewe liko kando ya Mto Green, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha basi. Ni dogo, halina mandhari ya kupigia picha, na mchezaji mmoja aliandika daftarini kwamba alitarajia zaidi. Lakini likilowa nitakuwa nimelikausha kabla mhakiki hajapata nafasi ya kuniandikia.