Katani ukutani

Jumamosi nilipanda Coaster ya asubuhi kutoka Moshi kwenda Arusha. Binti yangu alikuwa ameona tangazo la maonyesho ya sanaa ya kisasa kwenye godauni moja upande wa Themi, na hakutaka kwenda peke yake. Mimi ni fundi cherehani, nilikwenda kumsindikiza tu.

Vibanda vya mwanzo nilivipita haraka. Tembo, twiga, Mlima na theluji yake, Wamasai wanaruka. Baadhi zilichorwa vizuri sana, ila hazikunisimamisha. Kilichonisimamisha ni harufu. Kabla sijaona kitu, pua ilinasa harufu ya katani iliyopata unyevu ikaanza kukauka, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kona ya nyuma, karibu na choo, walikokuwa wametundika kazi moja kubwa kuliko mlango.

Juu kuna gogo la mkaratusi. Kutoka hapo zinashuka nyuzi za katani, nyingine zimesokotwa kuwa kamba nene kama kidole gumba, nyingine zimeachwa wazi kama nywele za mtu aliyetoka kufumua. Katikati, kanga imechanwa vipande vyembamba na kusukwa humo humo. Ukisogea unaona pindo lilipopita, nyekundu na nyeusi, na herufi za jina la kanga zimebaki mbilimbili: "MA", chini yake kidogo "ZI". Nilisimama pale nikijaribu kuliunganisha hilo jina mpaka binti yangu akaniacha akaenda kutafuta chai.

Pembeni kulikuwa na kadi. Imeandikwa: "Vifaa mchanganyiko."

Hapo nilishikwa na uchungu, na nitasema kwa nini. Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Baba alikuwa mkataji. Alikata majani, akatoa mwiba wa ncha, akafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na jioni mikono ilimwasha kwa sababu ya maji ya mkonge hata kushika kijiko ilikuwa taabu. Mkonge ukishakatwa unapelekwa korona. Pale mashine inasaga nyama ya jani, maji yanaosha, zinabaki nyuzi. Zinaanikwa juani, kisha zinapita kwenye brashi, na brashi ndiko alikokuwa mama. Katika kilo mia za majani, katani inayotoka ni kama kilo nne. Zilizobaki zote ni makapi. Kitu kinachopatikana kwa kazi ya namna hiyo, unakiitaje mchanganyiko?

"Shikamoo mama." Alikuwa msanii mwenyewe, msichana mdogo tu, kucha zake zimekatika.

"Marahaba mwanangu. Hii katani haijapita kwenye brashi."

Akashtuka. "Umejuaje?"

Nikamwonyesha bila kugusa, maana walikuwa wamekataza kugusa: ungaunga wa kijani uliokaukia kwenye uzi. Brashi ingeuondoa. "Hii ni UG," nikamwambia. Akakubali, ndiyo aliyouziwa, daraja la chini, na ndiyo aliyoitaka, kwa sababu iliyopigwa brashi inateleza na haishiki fundo. Jibu la mtu anayeijua kazi yake. Kuanzia hapo tukaongea kama tunaofahamiana miaka.

Alinionyesha kwenye simu kazi za mwanamke wa Poland, Magdalena Abakanowicz. Miaka ya 1960 mama huyo alikuwa akichukua kamba za katani zilizochakaa, za bandarini, anazifumua, anazitia rangi, anafuma maumbo makubwa yanayoning'inia kama miili. Watu walikuwa wamezoea kitambaa cha kutandika au cha kuvaa. Yeye akakisimamisha katikati ya chumba ukizunguke. Mwaka 2022 kazi hizo zilijaza vyumba vya Tate Modern, jumba la sanaa la London, na zimeandikwa wazi kwamba ni katani. Nikakumbuka kwamba miaka hiyohiyo anafumua kamba zake, nchi hii ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla nailoni na plastiki hazijatupokonya soko. Na mbegu yenyewe ni mgeni: Mjerumani Hindorf aliileta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Baba alipenda kuitaja hiyo 62.

Nikamwuliza mbona basi wewe umeandika vile. Akasema kadi ziliandaliwa na waandaaji, na aliambiwa neno katani litawafanya wateja wafikirie mazulia ya mlangoni. Nilimweleza ninavyoona: msanii Acaye Kerunen wa Uganda alifika kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka huohuo wa 2022 na ukili na nyuzi za migomba, vitu vilivyosukwa na akina mama wa vijijini, na banda la Uganda likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Hakuna aliyeficha kwamba ni migomba.

Pia nilimwuliza jina la ile kanga. Alitabasamu akasema ilikuwa ya bibi yake, na jina lake halisomwi na kila mtu. Hilo nililikubali palepale. Jina la kanga ni ujumbe, mwenye nao ana haki ya kuufunika. Katani si siri ya mtu.

Bei ilikuwa 1,800,000. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yetu akasema kwa sauti, "Kwa kamba?" Nikageuka nikamwomba ahesabu mafundo ya mstari mmoja tu, wa chini. Alianza kwa kucheka, akafika arobaini na kitu, akanyamaza, akaendelea kuhesabu.

Kabla hatujaondoka msanii aliazima kalamu ya binti yangu, akaigeuza ile kadi, akaandika nyuma yake: "Katani ya Korogwe, UG. Kanga ya bibi. Mkaratusi." Kisha akanipa mabaki, kiganja kimoja. Kwenye Coaster ya kurudi nilianza kuyasokota pajani kama mama alivyokuwa akifanya. Hadi Kikatiti yalikuwa yamekatika mara tatu. Tulipopita Boma Ng'ombe kamba ilikuwa imefika urefu wa mkono, na binti yangu alikuwa ameshika ncha ya pili.